Jiwe Nyuma ya Pikipiki ya Innocent

Maiti ya Innocent ilikutwa Jumamosi asubuhi, saa moja imeshapita, katikati ya msitu wa Itundu, pale njia inapovuka korongo dogo lisilo na maji. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mawe. Pikipiki ilikuwa imemlalia miguuni, imeelekea upande wa barabara ya Kiomboi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na jiwe bapa, limefungwa kwa mpira.

Aliyemkuta ni Derick, dereva mwenzake wa bodaboda, akiwa amempakia mama yake mzazi, Agnes, wanapeleka kuku mnadani. Agnes alishuka, akamgusa Innocent shingoni, akakuta ameshapoa. Akavua kanga yake moja akamfunika. Derick angeweza kugeuza akarudi kijijini Kinandili, akanyamaza kama watu wenye akili wanavyofanya siku hizi. Yeye akaenda mpaka kituo cha polisi kilichoko barabarani, akatoa taarifa, akataja jina lake na la baba yake. Jua lilipozama alikuwa ndani, amevuliwa mkanda na viatu.

Kwanza polisi walisema ni ajali. Halafu daktari akasema marehemu alipigwa kisogoni na kitu cha mviringo, na kwamba uso wake haukuwa na mchubuko. Mtu aliyerushwa na pikipiki akaangukia mawe kwa uso, uso unabakije mzima? Basi ikawa mauaji. Na kwa kuwa Alhamisi Derick na marehemu walishikana mashati kijiweni mbele za watu, na Ijumaa jioni Derick alipita msituni peke yake akirudi kutoka barabarani, mkuu wa kituo akaona kazi imeisha. Jumatano mkuu wa wilaya alikuwa anakuja Kinandili kuhutubia mkutano wa hadhara. Hakutaka akute maiti isiyo na mwenyewe.

Upelelezi alipewa Sajenti Abdillahi. Huyu ni mtoto wa wenye duka wa Mandewa, Singida mjini, mtu wa lami, mpole, hajamaliza mwaka kwenye kituo kile. Mkuu wake alimwambia Jumapili asubuhi kwamba aende akachukue maelezo mawili matatu, kesho yake mshitakiwa apandishwe mahakamani. Na kila mtu anajua, ukishasomewa shitaka la mauaji, dhamana hakuna. Utakaa rumande mpaka wao wamalize upelelezi wao, na upelelezi wao hauna haraka. Watu wameingia vijana wametoka na mvi.

Abdillahi alianzia mahabusu. Derick alikuwa amekaa chini, magoti kifuani, jicho moja limevimba. Sajenti hakuuliza limevimbaje. Alimuuliza kuhusu ugomvi wa Alhamisi.

"Nilimtania vibaya, afande. Akanipiga. Nilistahili."

"Ulimtania nini?"

"Mambo ya marehemu mke wake. Siwezi kuyarudia. Mtu mwenyewe naye ndiyo huyo kafa."

Alipobanwa zaidi alilia. Alisema Ijumaa hakumwona Innocent msituni, ila alikutana na alama za magurudumu kwenye mchanga, akapita zake. Alisema pia kwamba Jumamosi alimwambia afande wa zamu habari ya jiwe, akajibiwa asilete habari za mawe, njia nzima ni mawe. Abdillahi aliandika hilo la alama. Hili la jiwe hakuliandika.

Uani pikipiki ya Innocent ilikuwa imeegeshwa ukutani. Iliyoileta ni gari ya polisi, na hakuna mtu wa Kinandili aliyeiona tena. Sajenti aliizunguka. Jiwe lilikuwa bado lipo kwenye kiti, limekazwa kwa mpira wa tyubu mpana kama mkanda wa askari, na kwenye mpira kulikuwa na nusu ya kiraka chekundu, kimekatwa katikati. Akaona ni mzigo kama mzigo mwingine.

Saa tatu alipanda nyuma ya Ezekieli, mwenyekiti wa madereva wa kijiweni, wakaingia msituni.

Njia ya Itundu si njia mbaya, na hili lazima lisemwe. Haina mlima wa kutisha, haina tope, haina genge la kutumbukia. Imenyooka ndani ya miombo, kivuli kizuri, ndege wanapiga kelele. Kasoro yake ni mawe. Mawe yamelala njia nzima, makubwa kama vichwa, na mengine yamechomoza kama meno. Unakwenda gia ya kwanza, ya pili ukiwa na haraka, unafika. Hata mtoto aliyejifunza juzi anaipita. Kila uchaguzi greda linakuja kwa mdomo, linachonga njia yote jukwaani, halafu linaondoka na msafara.

Abdillahi alishika keria kwa mikono miwili, meno yakigongana. Katika kutupwatupwa kule alianza kujiuliza. Kwa mwendo huu, mtu anayeijua njia anakufaje?

Kabla ya korongo waliona moshi. Ni tanuri la Chediel, mchoma mkaa anayeishi msituni peke yake, mzee mwenye kikohozi. Alipoona sare alikimbia, na kikohozi kikamwangusha. Kwenye koti lake walikuta simu ya Innocent.

Kwa askari mwingine kesi ingeishia hapo, maana hakuna mtu rahisi kumfunga kama mchoma mkaa. Abdillahi alimketisha, akampa maji. Chediel alisema simu aliiokota Jumamosi alfajiri. Hakuiokota korongoni, aliiokota huku ndani, kwenye vichaka vya mashariki, watu wanapopasua mbao. Hakwenda kusema kwa sababu yeye mwenyewe hana kibali cha mkaa. Alipoulizwa Ijumaa jioni alisikia nini, alijibu bila kufikiri.

"Toyo. Ile ya magurudumu matatu. Ilikwenda korongoni, ikarudi. Baadaye ikapita pikipiki, polepole. Pikipiki haikurudi."

Ezekieli alicheka kwa pua. Akasema mzee moshi umemwingia kichwani. Kinandili nzima ina toyo moja tu, ile yenye kitanda cha wagonjwa iliyoletwa na wafadhili ili watu wavushwe msitu. Mtendaji wa kijiji alishatangaza ni mbovu, tyubu zimepasuka, tangu mwaka jana imefungiwa stoo.

Walikwenda kwenye vichaka hivyo. Palikuwa na visiki vibichi vya mninga, unga wa mbao mwekundu umetapakaa, na mistari mitatu ya magurudumu kwenye mchanga. Mbao zenyewe zilikuwa zimeshaondoka. Chini ya kisiki kimoja mchanga ulikuwa umefukiwafukiwa kwa majani, na majani ya chini yalikuwa na damu iliyokauka.

Kwa hiyo aliuawa hapa, akapelekwa korongoni. Mwili kwa toyo, halafu mtu akarudi kuichukua pikipiki. Nani?

Abdillahi alitaka kubaki apime pale, akamwomba Ezekieli atangulie kijijini akamwambie Agnes na mtendaji kwamba anakuja. Ezekieli alikubali. Kabla ya kuwasha aliangalia chini, akachagua jiwe bapa, akaliweka kwenye kiti alichokuwa amekalia sajenti, akavuta mpira mwembamba kutoka kwenye keria, akalikaza.

"La nini hilo?" sajenti aliuliza.

Ezekieli alimweleza kama anavyomweleza mgeni. Ukiwa na abiria, uzito unakaa nyuma, gurudumu linashika. Ukiwa mtupu, gurudumu linarukaruka juu ya mawe, linakumwaga. Kwa hiyo kila dereva asiye na abiria anafunga jiwe. Mdomoni mwa msitu kuna rundo, huku na kule. Unaokota upande huu, unaacha upande ule. Mkono unafanya wenyewe, kama kufunga kamba ya kiatu.

"Ndiyo maana na Innocent alikuwa nalo," Abdillahi alisema.

Ezekieli aliacha kukaza.

"Innocent hafungi jiwe."

"Pikipiki yake iko uani kwetu. Jiwe liko nyuma."

"Afande, Innocent hafungi jiwe. Tangu Ritha."

Akazima injini, akakaa juu ya mzizi, akasimulia. Ritha alikuwa mke wa Innocent. Mwaka jana, mwezi wa masika, alishikwa na uchungu, nesi wa zahanati akasema hapa siwezi, akimbizwe Kiomboi hospitali. Innocent alikimbilia toyo ya wagonjwa. Mtendaji akamjibu tyubu zimepasuka. Basi akampakia nyuma ya pikipiki, akamfunga kwa kitenge mgongoni kwake asianguke, wakaingia mawe. Pale korongoni kichwa cha Ritha kilimlalia begani. Innocent aliendelea kuongea naye mpaka barabarani, anamwambia tumefika, tumefika. Walipofungua kitenge walikuwa wameshapotea wote wawili, yeye na mtoto.

Tangu hapo Innocent hakuweka jiwe kwenye kiti kile. Alisema pale alikaa mtu. Pikipiki ilimrusha, ilimuumiza kiuno, wenzake wakamsihi, hakusikia. Ugomvi wa Alhamisi ulikuwa huo. Derick alifunga jiwe kwenye kiti hicho kwa utani, akamwambia Innocent nimekuletea mke mwingine, huyu hafi. Innocent akampiga mpaka wakawatenganisha. Kijiwe kizima kiliona.

Mtu aliyeendesha pikipiki ya Innocent kutoka vichakani mpaka korongoni alikuwa peke yake, na mkono wake ulifunga jiwe wenyewe. Si mchoma mkaa, huyo hajui hata kuwasha. Ni dereva wa mawe. Lakini hakuna dereva wa kijiweni ambaye angefanya kosa hilo, na Derick aliyepigwa siku moja tu kabla kwa ajili ya jiwe kwenye kiti hicho ndiye wa mwisho kabisa.

"Kuna mtu aliyekuwa dereva," aliuliza taratibu, "na siku hizi hakai kijiweni?"

Ezekieli aliangalia pembeni. Alisema anao watoto, na jina hilo halitatoka mdomoni mwake. Lakini akaongeza kwamba pikipiki ya serikali nayo inapita mawe.

Ezekieli alitangulia kutoa taarifa, akarudi kumchukua sajenti, na saa nane mchana walikuwa kwenye ofisi ya kijiji. Agnes alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la nje, kanga moja. Alisimama, akauliza kama mwanawe amekula. Sajenti alimwambia amekula. Hakuwa na hakika.

Mtendaji aliitwa Calist. Alikuwa mnene wa kiofisi, shati la mikono mirefu, tabasamu tayari. Zamani aliendesha bodaboda na hawa hawa, mpaka alipopata mjomba aliyemsogeza. Alimkaribisha sajenti soda, akasikitika juu ya Innocent kwa maneno yaliyopangwa vizuri, akasema vijana wa siku hizi bangi zinawaponza. Agnes alisikia, akainamisha kichwa.

Abdillahi aliongea naye ya kawaida. Ijumaa jioni alikuwa wapi? Ofisini, anaandaa taarifa ya mkuu wa wilaya. Njia ile anaijua? Akacheka, akasema aliipita miaka, hata akifumba macho.

"Nimeumia mgongo leo," sajenti alisema. "Ukiwa peke yako inakuwaje?"

"Unafunga jiwe nyuma. Bila jiwe hufiki."

"Na Innocent alikuwa anafunga?"

"Kila mtu anafunga. Si mmelikuta?"

Benchi la nje lilikwaruza sakafu. Agnes alikuwa amesimama mlangoni.

"Calist," alisema, hakumwita mtendaji, "Innocent hajafunga jiwe tangu tumemzika Ritha. Ungekuwa unakaa na watu ungejua."

Sajenti aliomba ufunguo wa stoo. Akaambiwa umepotea. Ezekieli alisukuma mlango kwa bega, ukafunguka.

Toyo ya wagonjwa ilikuwa ndani, imesimama kwenye matairi mapya. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimeng'olewa, kimeegemezwa ukutani, na pale pa kulala mgonjwa palikuwa na unga mwekundu wa mninga mpaka kwenye pembe. Msumarini ilining'inia tyubu kuukuu, pana, imekatwa ukanda mmoja. Penye mkato kulikuwa na nusu ya kiraka chekundu.

Abdillahi aliishika mkononi. Akasema nusu nyingine iko kituoni, imefunga jiwe.

Calist hakukimbia, wala hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake, akajifuta jasho, na alipoongea alikuwa kama mtu aliyechoka kuulizwa. Alisema siku ile ya Ritha toyo ilikuwa nzima. Ilikuwa msituni, imebeba mbao. Asingeweza kumwambia Innocent aisubiri, wala asingeweza kumwambia iko wapi. Ndiyo maana akasema tyubu. Alidhani pikipiki ingefika.

"Na Ijumaa?" sajenti aliuliza.

"Alifuata alama za magurudumu. Akanikuta napakia. Hakunitukana. Aliweka mkono juu ya bodi ya toyo, akauliza, siku ile ilikuwa nzima? Nikanyamaza. Akasema Jumatano atasimama mkutanoni aulize hivyo hivyo mbele ya mkuu wa wilaya. Akageuka kwenda kwenye pikipiki yake." Calist aliangalia mikono yake. "Nilikuwa nimeshika mpini wa shoka."

Mengine yalikuwa kama sajenti alivyofikiri. Alimbeba kwa toyo, akairudisha vichakani, akachukua pikipiki. Ilimrusha, akashuka akatafuta jiwe, akakata mpira kwenye tyubu iliyokuwa ndani ya toyo. Hakufikiri. Akamwangushia Innocent pikipiki miguuni, akarudi kwa miguu kuifuata toyo.

Agnes aliuliza swali moja tu, kama sasa mwanawe atarudi leo.

Calist ndiye aliyejibu. Hakumjibu Agnes, alimwangalia sajenti.

"Afande, wewe unadhani hizo mbao ni zangu? Mimi napakia tu. Nifunge. Nifunge kabisa, twende. Utaona."

Abdillahi alimfunga pingu. Wakamvusha msitu kwa toyo ile ile, Ezekieli akiendesha, Agnes na sajenti wamekaa pembeni mwa mtuhumiwa, tyubu ikiwa kwenye mfuko. Watu wa Kinandili walisimama njiani wakaitazama ikipita. Ilipita mawe vizuri kabisa. Ilikuwa inafaa hata kwa mwenye uchungu.

Walifika kituoni kabla jua halijazama. Mkuu wa kituo aliwasikiliza amesimama. Alimpongeza sajenti. Akachukua mfuko wenye tyubu, akachukua maelezo, akasema atayasoma mwenyewe. Halafu simu yake ikaita, akaingia nayo ofisini, akafunga mlango. Alipotoka aliagiza mtendaji avuliwe pingu, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali na ana anwani inayojulikana, na utaratibu wa kumkamata haukufuatwa. Maneno ya mtendaji kule ofisini kwake yalisemwa bila yeye kuonywa kisheria. Mashahidi ni mama wa mshitakiwa na rafiki wa mshitakiwa. Abdillahi alisema kuna jiwe. Mkuu alimjibu kwamba hakimu hatamfunga mtendaji kwa ajili ya jiwe.

Jumatatu Derick alipandishwa mahakamani, akasomewa. Hakutakiwa kujibu lolote. Alipokuwa anarudishwa kwenye gari alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kama anauliza habari za nyumbani:

"Mama, walisema nini kuhusu jiwe?"

Jumatano mkutano wa hadhara ulifanyika Kinandili. Greda liliahidiwa. Calist hakuwepo; alikuwa ameshahamishwa kijiji kingine, upande wa Ikungi, kwa cheo kile kile. Wiki iliyofuata Sajenti Abdillahi naye alipewa barua, mkoa mwingine kabisa. Alikwenda kumuaga Agnes, akamsalimia shikamoo, akashindwa kuendelea. Agnes ndiye aliyembembeleza.

Mwezi ulipoisha Agnes alivuka msitu kwa miguu kwenda kuulizia kesi. Madereva walitaka kumpakia bure, akakataa. Alifika kituoni saa tano, miguu ina vumbi, akaambiwa aende moja kwa moja kwa mkuu, mlango uko wazi.

Mlango ulikuwa wazi kweli. Ulikuwa umezuiwa na jiwe bapa ili upepo usiufunge. Mpira haukuwepo tena, lakini pembeni mwa jiwe ulikuwa umeacha mstari mweusi, mpana kama mkanda wa askari.

Agnes aliinama akalinyanyua kwa mikono miwili, akalikumbatia tumboni. Mlango ukajifunga.

Askari wa zamu aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake.

"Mama, rudisha hilo jiwe hapo. Mkubwa anasikia joto."

Agnes alisimama nalo kidogo. Halafu akausukuma mlango kwa bega, akainama, akalirudisha.